Kukaza boliti si dawa ya kila uvujaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeshauri kwamba mashine ya kukamua alizeti ikivuja kwenye maungio, dawa yake ni kukaza boliti hadi spana igome. Mimi ni fundi wa mashine hizo hapa Dodoma, na ushauri huo niliufuata nilipokuwa kijana, nikakata boliti mbili ndani ya mashine ya mteja. Kuzichomoa kulinila siku nzima, bila malipo.

Kosa huanzia pale tunapodhani kuwa vyuma viwili vilivyonyooka kwa macho hugusana kila mahali. Uso wa chuma, hata uliotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukerezea, una vilele na mabonde ya kupimwa kwa maikromita, yaani sehemu za elfu za milimita, na vinavyogusana ni vilele tu. Vyuma laini viwili vikibanwa kwa uzito wa tani moja, maeneo yanayogusana kweli, ukiyajumlisha, hayafiki sentimita moja ya mraba, viwe na upana wa sahani au wa meza.

Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alikokotoa mwaka 1882 jinsi tufe zisizo na mikwaruzo zinavyobonyea: mzigo ukizidi mara 8, eneo la mguso huzidi mara 4 tu. Nyuso zenye mikwaruzo zina tabia nyingine. Watafiti Greenwood na Williamson walionyesha mwaka 1966 kwamba mzigo ukiongezwa, vilele vipya huanza kugusana huku wastani wa ukubwa wa kila mguso ukibaki karibu uleule, hivyo eneo lote hukua kwa kadiri ya mzigo. Ukikaza maradufu unapata mguso maradufu, lakini maradufu ya kidogo bado ni kidogo, na mafuta yanapita kwenye mabonde yaliyoungana.

Ili kuona vyuma vinagusana wapi, mimi hupaka masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta upande mmoja, nafunga, kisha nafungua. Juzi alama zilitokea kandokando ya boliti nne tu, katikati chuma kikabaki cheupe: kilikuwa kimepinda kwa kukazwa mno. Hapo kazi ni ya tupa na msasa kwanza, ndipo ifuate gasketi (kipande cha kuziba kinachowekwa kati ya vyuma viwili), ambayo kwa ulaini wake huingia kwenye yale mabonde madogo ambayo masizi hayawezi kuyaonyesha. Gasketi hiyo isikatwe kwenye tyubu kuukuu, kama wengi tufanyavyo, kwa sababu mpira wa namna hiyo huvimba ukilowa mafuta.

Fundi mashine,
Dodoma