Barua kwa wa nyumbani Kongwa: huyo wa sukari na jezi anautaka muhuri

Northampton, Uingereza
13 Oktoba 2024

Mama shikamoo. Mdogo wangu na wifi mbukwenyi, na nyie wanangu wote hamjambo. Mimi huku mzima, mjukuu anaendelea vizuri, ana meno mawili ya chini sa hizi na ananing'ata vidole, mama yake karudi kazini hospitali zamu za usiku kwahiyo mchana yeye analala mimi nalea. Baridi imeanza, jua la huku linatoka lakini halina moto. Mlenda mlionifungia umeisha, ugali tunasonga ila unga wa uwele hamna. Basi ya kwangu yaishie hapo, maana kilichonifanya niandike barua ndefu hivi badala ya kurekodi sauti kama siku zote ni ile sauti yako ya juzi mdogo wangu, nataka wifi awasomee wote, na mama asomewe polepole.

Umeniambia kuna mtu anautaka uenyekiti wa kijiji, kashatoa jezi seti nzima na mipira kwa vijana, kila kaya kilo ya sukari, akina mama wa kwaya vitenge, na wewe unanisimulia kwa furaha kabisa, "dada bora huyu, huyu anakula na sisi". Nimecheka kwanza halafu nikakasirika. Mimi nimekuwa mtendaji wa kijiji, baadae mtendaji wa kata mpaka nimestaafu, nimekaa meza moja na wenyeviti wa kila aina, walevi, walokole, wajanja wa mjini, na wazee wa watu wasiojua kusoma lakini hela ya kijiji hawaigusi. Sasa nikuulize kitu, mwenyekiti wa kijiji analipwa nini? Mshahara hana. Ana viposho na vyenyewe vinakuja vikitaka. Na kampeni za huu uchaguzi wa serikali za mitaa hata hazijaanza, ni tarehe 20 mpaka 26 Novemba, huyu saa hizi Oktoba kashamwaga hela yote hiyo. Anatafuta nini kwenye kiti kisicho na mshahara?

Anatafuta muhuri. Nakwambia mimi niliyeukalia huo muhuri kwenye droo.

Kijiji kina vitu viwili vya thamani, ardhi na karatasi. Karatasi maana ake barua za utambulisho, za kuuziana mashamba, za dhamana ya mtoto wako akikamatwa, za kuruhusu ng'ombe wa watu kuingia. Na ardhi ndio usiseme, tangu serikali ihamie Dodoma 2016 watu wenye magari wanakuja mpaka huko kwetu kuuliza ekari, mnawaona wenyewe, wanasimama Mbande au Kibaigwa wananunua karanga halafu wanauliza "hapa mwenyekiti nani".

Kuna kijiji kimoja nilipelekwa, sikitaji na wala hakiko wilaya yetu. Wiki ya kwanza tu mwenyekiti akaniletea muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji umeshaandikwa tayari, msafi, wananchi wameridhia kwa kauli moja kumpa bwana fulani ekari mia mbili za malisho, kilichobaki ni mimi kusaini na kugonga. Nyuma yake orodha ya mahudhurio. Nikaipitia taratibu. Kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja wa herufi zinazolalia kushoto, kurasa tatu za majina, na saini zote zina mkia ule ule kama zimezaliwa tumbo moja. Nikamwita mzee mlinzi wa ofisi, mtu wa pale pale, nikamsomea majina matatu kama vile kuna mtu namtafuta. La kwanza akasema mama huyo tulimzika mwaka juzi. La pili akasema huyo yuko Dar anakaanga chipsi, hajarudi hata msiba wa baba yake. La tatu akanyamaza halafu akasema, "hilo ni langu mimi, mkutano ulikuwa lini?"

Sikugonga. Haukupita muda nikahamishwa, na baadae nikasikia aliyenifuata kagonga. Sasa sikilizeni, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, yaani nyie wote mliofikisha miaka 18, kwahiyo mwizi hana njia nyingine, lazima autengeneze mkutano ambao haukuwepo, na ili autengeneze lazima awe mwenyekiti. Ndo maana muhtasari una bei, na ndo maana sukari inagawiwa. Na yule wa kile kijiji mnajua alichaguliwaje? Kwa vitenge na pilau. Wale wale waliokula pilau ndio baadae wakawa wanalipia kuchungia mahali walipochungia bure tangu babu zao.

Wewe mdogo wangu ni mkulima, ntakwambia kwa lugha ya shamba. Mwezi wa pili njaa ikibana dalali anakuja, anakupa hela ya gunia wakati mahindi bado yapo kiunoni, wewe unamwona mkombozi, unamshukuru kabisa, mwezi wa saba unampelekea gunia la lumbesa wakati wenzako wanauza Kibaigwa kwa bei ya sokoni. Hiyo kilo ya sukari ndo hiyo hela ya mwezi wa pili. Tofauti ni kwamba dalali deni unalimaliza msimu huo huo, huyu ni miaka mitano.

Najua utaniambia dada mambo haya yapo siku zote. Sio siku zote, yana historia yake na mimi nilikuwepo. Baba yetu alikuwa na kadi ya TANU, mnakumbuka ile ahadi alivyokuwa anatukaririsha, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, unasimama wima kwanza. Na kulikuwa na sheria ya 1963, mla rushwa alikuwa anakula viboko 24, 12 siku anaingia gerezani na 12 siku anatoka, Mwalimu alikuwa anapenda kuisimulia, anasema hivyo vya kutokea ni akamwonyeshe mkewe. (Viboko mimi sivitetei jamani, nasema tu watu walikuwa wanaona haya.) Halafu mambo yakalegea, ikafika mwaka 2000 wakaingiza kwenye sheria ya uchaguzi kitu wanaita takrima, eti mgombea kukirimu wapiga kura ni mila yetu. Ilipigiwa kelele mpaka Mahakama Kuu ikaifuta Aprili 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye karatasi takrima imekufa. Huko kwetu haijazikwa, nilikuwa naiona kila uchaguzi, pikipiki inakuja usiku imezima taa, imebeba viroba.

Na mama anamkumbuka Sokoine. Mimi nilikuwa msichana wa miaka 22, Aprili 1984, alitoka Dodoma bungeni akapita barabara hiyo hiyo yetu ya Morogoro, akafia Dakawa. Mwaka mmoja kabla alikuwa anawakimbiza wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa sabuni na mafuta maporini usiku kwa kuogopa kukutwa navyo. Yapo aliyolaumiwa kwenye hilo zoezi na ni haki kuyasema, kuna walioonewa. Ila nilichokiona kwa macho yangu ni wanaume wazima wa kijijini kwetu wanalia barabarani kwa ajili ya waziri mkuu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kapewa kitenge na yule mtu.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nimefika Ulaya naona wazungu malaika. Hawa wabunge wao mwaka 2009 waliumbuka vibaya, walikuwa wanapeleka madai ya ajabu walipwe na serikali, mmoja alidai mpaka hela ya kibanda cha bata bwawani kwake, si utani, na wengine walifungwa jela kabisa. Na wenyewe ndio waliokuja Kongwa kwetu mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, hawakumuuliza Mgogo hata mmoja mvua inanyeshaje, miaka minne wakafunga virago, hasara ya pauni milioni 36. Mabaki yake babu alikuwa anatuonyesha. Kwahiyo ujinga na wizi upo kote. Kitu nilichokipenda huku ni kidogo tu, hapa karibu na tunapokaa kuna ubao wa matangazo wa baraza lao dogo, kama serikali ya kijiji tu, siku moja napita na kigari cha mtoto nikaona karatasi imebandikwa ndani ya kioo, mwanangu akanisomea, inasema hesabu za mwaka hizi hapa, mkazi yeyote anaruhusiwa kuja kuzikagua, tarehe fulani mpaka fulani. Nikasimama pale mpaka mtoto akaanza kulia. Si kwamba kwetu haipo! Kwetu mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe hadharani, mimi nimeyasoma miaka yote hiyo, nikiyasoma watu wanasinzia wanasubiri mengineyo. Lini mara ya mwisho mmesomewa hapo kijijini? Wifi nijibu wewe, huyu mume wako atazungusha maneno.

Vijana nawajua watasema shangazi sisi tunakula sukari yake na kura tunampa mwingine, kura ni siri. Ni kweli ni siri. Ila fikirini mbele kidogo. Kwanza yule kijana wake anayegawa anaandika majina kwenye daftari, na mtu aliyeandikwa jina akienda ofisini mwakani kulalamika shamba lake limekatwa ataanza kusema nini, mdomo utakuwa mzito. Pili, na hili ndo linaloniuma zaidi, mkishazoea hivyo mtu asiye na hela hagombei tena. Nimewaona wengi, mwalimu mstaafu mzuri kabisa, anapiga hesabu ya jezi na sukari anaghairi anabaki nyumbani na mbuzi wake, na nyie mnabaki kuchagua kati ya mwizi wa sukari na mwizi wa vitenge halafu mnasema viongozi waadilifu hamna.

Wapo, na hamhitaji kuwatafuta kanisani, maana nimeshawaona wazee wa kanisa wanaiba saruji ya zahanati mchana na jioni wanaongoza maombi. Angalieni mtu alivyoshika hela ya watu kabla hajaomba kura. Yule mama mweka hazina wa kisima chetu, sitaji jina, wote mnamjua. Nilivyokuja likizo mara ya mwisho nilikaa naye pale bombani, ana kaunta buku kafunika na gazeti, kila ndoo shilingi 50 anaandika, anapiga mstari chini ya kila siku. Kuna mahali kaandika "ndoo 2, bibi hakulipa, nimelipa mimi". Pampu ilipoharibika hela ya fundi ilikuwepo, hamkuchangishwa, mnakumbuka? Huyo ndo mnamwambia hawezi uongozi kwa sababu hana sauti ya mkutano. Mimi ningempa kura kesho asubuhi, awe wa chama chochote kile, na kwa kuwa lazima adhaminiwe na chama basi waliopo kwenye vyama vyao hapo wamshike mkono kabla fomu hazijafunguliwa, ni tarehe 26 mwezi huu, sio mbali.

Na kujiandikisha mwisho tarehe 20, jumapili ijayo. Ile kadi yenu ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haisaidii kwenye huu, ni lazima jina liwe kwenye daftari la kitongoji, mwende mwenyewe mkaandikwe, bure, hakuna wa kuwaandikishia. Mama abebwe kwa bodaboda taratibu, au mpeni mkokoteni wa punda kama magoti yanasumbua, lakini aende, amepiga kura miaka yote. Mimi siwezi, mkazi ni aliyepo. Siku yenyewe ni jumatano 27 Novemba, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Mdogo wangu hiyo sukari kama imeshaingia ndani sikwambii ukaitupe kisimani, ila vitenge na hela zikija usipokee, na usikubali kabisa kuwa mgawaji maana nimesikia kwenye sauti yako kama vile unaombwa kusaidia kugawa. Sheria ya rushwa ya 2007 inambana anayetoa na anayepokea wote, na wa katikati ndo anakamatwa wa kwanza, bosi anasema simjui. Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haikatwi salio, vijana waiweke kwenye simu zao. Ukiona haya kumkatalia mtu usoni sema dada kakataza, nibebesheni mimi lawama, niko mbali.

Wifi, dawa ya presha ya mama isikatike, hela yake pamoja na ya mbegu nimetuma leo kwenye namba yako wewe, sio ya mume wako, na kila mtu anajua kwanini. Karisiti ka duka la dawa nipigie picha unitumie.

Dada yenu.