Matembezi ya wageni Mombasa yafuate jua na maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ujumbe wenye hoteli, waongoza watalii na maafisa wa utalii wa Kaunti ya Mombasa kuhusu saa wanazochagua kuwatembeza wageni mchana. Mara nyingi magari yanayotoka hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu huegeshwa mbele ya ngome ya Fort Jesus kuanzia saa tano, wageni wakapandishwa kutani adhuhuri, wakapitishwa Mji wa Kale kwa haraka, kisha wakarudishwa hotelini wakiwa wamechoka na hawajaona kitu.

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na katika miezi ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Ngome hiyo, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia, ina ua mpana ulio wazi na kuta za matumbawe ambazo saa hizo hazitupi kivuli popote. Hata vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo wembamba wake huvikinga na jua asubuhi na alasiri, saa sita huwa havina kinga yoyote. Mgeni akipita barabara ya Ndia Kuu mjini humo saa moja unusu asubuhi ataziona roshani na milango ya nakshi kwa utulivu, tena atawakuta wenyeji wakiwa kwenye shughuli zao, jambo ambalo kwa maoni yangu linampa picha ya mji kuliko maelezo ya kukariri. Ijumaa, bila shaka, matembezi yamalizike mapema kabla watu hawajaanza kuelekea msikitini.

Kwa upande wa bahari, uzembe ni mkubwa zaidi, kwa sababu ratiba nyingi huandikwa kana kwamba maji hayatembei. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa huzidi mita 3. Maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mpango huo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kupwa alasiri, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo anayetaka kumpeleka mgeni kwa mashua kutoka bandari ya kale hadi kwenye mikoko ya Mkondo wa Tudor achague alasiri ya bamvua, na anayetaka kumwonyesha samaki na matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, achague asubuhi ya bamvua hiyo hiyo, maji yakiwa machache na shwari nyuma ya mwamba. Wageni wasiachwe wakakanyaga matumbawe yaliyo wazi, kama tunavyoona mara kwa mara. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, bahari inapochafuka, ni heri mgeni aambiwe ukweli kuliko kutozwa pesa aone maji ya vumbi.

Adhuhuri yenyewe iachwe kwa chakula na mapumziko. Kuanzia saa tisa unusu, bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ina mibuyu yenye kivuli na upepo wa baharini, na mgeni anaweza kukaa akitazama meli zikiingia Kilindini.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Majedwali ya maji ya Kilindini huchapishwa kila mwaka. Kaunti iweke ubao wa saa za maji kwenye lango la ngome, kwenye bandari ya kale na kwenye njia za umma zinazoshuka ufukweni, ukibadilishwa kila wiki. Iongeze pia mabenchi chini ya kivuli na mabomba ya maji ya kunywa katika Mji wa Kale. Wenye hoteli nao waandae kifungua kinywa cha mapema kwa wageni wa matembezi, ili magari yaondoke saa kumi na mbili unusu.

Msomaji wako,
Mombasa