Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: dawa ya atropini itangulie, fomu ya polisi ya PF3 ifuate

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtumishi wa kituo cha afya kilichozungukwa na mashamba ya nyanya na vitunguu. Huku kwetu mgonjwa wa sumu haletwi na gari la wagonjwa. Analetwa na bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake, shati limelowa dawa ya shambani, mate yanamtoka. Wakifika, wote watatu wana sumu hiyo hiyo mwilini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kabla ya kupanda pikipiki mgonjwa avuliwe nguo na kuogeshwa kwa maji na sabuni, nywele na kucha zikiwemo.

Dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Kikizuiwa, mwili unamwaga maji kila upande: machozi, mate, jasho, mkojo, kuharisha. Mboni zinakuwa ndogo mno, misuli inachezacheza, mapigo ya moyo yanashuka. Lakini kinachoua upesi ni kifua. Njia za hewa zinajaa ute, misuli ya kupumua inachoka, na mgonjwa anazama akiwa nchi kavu.

Tiba yake ipo na si ngeni: hewa ya oksijeni na atropini. Tatizo letu ni hesabu. Mtu mzima unaweza kumwanzishia miligramu 2 kwenye mshipa. Dakika 5 zikipita kifua bado kinakoroma, unampa maradufu, 4, kisha 8. Ndani ya dakika 10 umeshavunja ampuli 14, vichupa vya dawa ya sindano vya miligramu moja moja, na huenda kazi ndiyo kwanza inaanza. Nimefungua makabati ya dharura yenye ampuli mbili tatu tu, zilizowekwa kwa ajili ya moyo unaodunda polepole. Kwa sumu hii hizo ni dozi ya kwanza, basi.

Hata pale dawa ilipo, wenzetu wengi huacha kuitoa wakiona mboni zimetanuka au moyo unakwenda mbio. Kigezo ni kifua: kikauke, kiache kukoroma, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika na namba ya juu ya kipimo cha presha nayo ipite 80. Jambo hili linafundishika kwa siku moja, pale pale kituoni, bila semina ya hotelini.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Katika kituo ambacho sitakitaja, nimeona ndugu wakirudishwa polisi kufuata PF3 huku mgonjwa amelazwa kwenye benchi. Alikuwa kijana aliyeshinda akipuliza dawa bila glavu, bomba likimvujia mgongoni. Waliporudi na karatasi yenye muhuri, hapakuwa tena na wa kutibiwa. Viongozi wamesema mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza. Huku chini kauli hiyo haijafika kwa maandishi, na mtumishi mdogo anaogopa kuulizwa kesho.

Hofu hiyo wanayo ndugu pia, mgonjwa akiwa amekunywa sumu kwa makusudi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia inaficha chupa na kutuambia amekula chakula kilichochacha. Tunapoteza muda tukitibu tumbo. Kubadili sheria ni kazi ya Bunge, nalifahamu hilo. Kuhakikisha hakuna anayehojiwa mlangoni ni kazi yako.

Chupa yenyewe tunaihitaji sana, hata isiyo na lebo. Dawa nyingi hapa zinauzwa kwa kupimwa, zinawekwa kwenye chupa ya soda na kutundikwa jikoni karibu na mafuta ya taa. Mtoto akinywa hayo mafuta, mama anamnywesha maziwa na kumtapisha. Maziwa hayaui sumu, na mafuta ya taa yakipanda kwa kutapika yanaingia kwenye mapafu. Hilo lingesemwa na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Mheshimiwa, vituo vyetu vinasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, lakini mwongozo wa tiba unatoka kwako. Naomba waraka wa ukurasa mmoja, wenye sahihi, ubandikwe kila mapokezi: sumu ni dharura, dawa kwanza, PF3 baadaye. Naomba maeneo ya kilimo cha bustani yawekewe atropini kwa kiwango cha kumtosha mgonjwa mmoja hadi afike hospitali ya wilaya. Na kwa kuwa namba ya simu ya dharura 115 na madereva wa jamii wa mpango wa m-mama wanawafikisha wajawazito na watoto wachanga hospitalini, naomba wizara yako ifikirie kuwaruhusu wabebe na mgonjwa wa sumu, wakiwa na glavu, maji na sabuni ndani ya gari.

Nikiandika haya, nyanya za msimu zinakaribia kupulizwa.

Wako katika utumishi,
Mhudumu wa dharura, kituo cha afya cha kijijini