Kisigino Kinachouma Kila Asubuhi: Kwa Nini Mapumziko Pekee Hayamrudishi Mkimbiaji Barabarani

Mkimbiaji wa mbio ndefu anayefika kwetu na kisigino kilichomsumbua kwa miezi sita au zaidi huwa hana haja ya kuulizwa mengi, kwa kuwa maelezo anayo tayari, na karibu kila mara huyaanzia kitandani. Husema kwamba hatua za kwanza baada ya kuamka ndizo chungu kuliko zote, kana kwamba amekanyaga msumari upande wa ndani wa kisigino. Kwamba akishatembea dakika chache maumivu hulegea. Kwamba hata akianza kukimbia mguu hupata moto na kumruhusu amalize safari yake. Na kwamba kesho yake asubuhi ndipo anapolipa deni. Amekwisha kupumzika wiki tatu, akarudi, pakauma. Akapumzika wiki sita, akarudi, pakauma vile vile. Mwishoni huuliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: nimepumzika kama nilivyoambiwa, mbona hakiponi?

Makala haya yanajibu swali hilo, na yanaeleza kile tunachokifanya katika kliniki yetu ya fiziotherapia tunapompokea mkimbiaji wa namna hiyo, ili atakayekuja ajue mapema kwamba hatapewa dawa ya siku mbili.

Chini ya ngozi na mafuta ya unyayo kuna utepe mpana wa tishu ngumu, ambao kitaalamu huitwa plantafashia, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole. Utepe huo ndio unaoushikilia upinde wa unyayo usilale chini uzito wa mwili unapoangukia mguu mmoja. Mwaka 1954 mtafiti J. H. Hicks aliueleza utendaji wake kwa kuufananisha na winchi: kidole gumba kinapokunjwa kuelekea juu, kama inavyotokea kila kisigino kinapoinuka, utepe huzungushwa chini ya kiungo cha kidole kama kamba inavyozungushwa kwenye gurudumu la winchi, ukavutika, upinde ukapanda, na mguu ukakaza kiasi cha kuweza kuusukuma mwili mbele. Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili akiwa ameketi hapo alipo, kwa kuushika mguu wake na kukiinua kidole gumba kwa mkono. Ataona upinde ukipanda, na akipapasa chini yake ataugusa utepe wenyewe ukiwa umekaza kama kamba ya hema.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mkimbiaji anayepiga hatua 170 kwa dakika hukanyaga chini mara 10,200 kwa saa moja, yaani mara 5,100 kwa kila mguu, na kila kishindo huwa na nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wake. Utepe wenye afya huimudu kazi hiyo, kwa sababu huwa umeizoea polepole kwa miaka. Tatizo huanza pale kazi inapoongezwa kwa kasi kuliko tishu inavyoweza kujijenga: kilomita za wiki zikiongezwa ghafla, vilima vikiingizwa pamoja na mazoezi ya kasi katika mwezi mmoja, au viatu vikibadilishwa katikati ya maandalizi. Tukiwauliza wakimbiaji wetu, wengi hukana kwamba waliongeza chochote. Tukiifungua kumbukumbu ya mazoezi yao, kwa kawaida tunaiona wiki yenyewe.

Kwa muda mrefu maradhi haya yalihesabiwa kuwa ni uchochezi wa tishu, yaani ile hali ya uvimbe na joto mwili unapopambana na jeraha jipya, na jina lake la kitaalamu, plantar fasciitis, bado linabeba maana hiyo. Lakini mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vipande 50 vya utepe vilivyoondolewa kwa upasuaji, na walichokiona kwa darubini kilikuwa nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoupa utepe uimara wake, zilizochakaa na kuvurugika mpangilio, bila dalili za uchochezi walizotarajia. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mgonjwa. Ikiwa tatizo lililokomaa ni tishu iliyochakaa, basi barafu na vidonge vya kutuliza uchochezi vinaweza kupunguza maumivu kwa saa kadhaa, lakini haviwezi kuzipanga upya nyuzi zilizovurugika. Vivyo hivyo sindano ya steroidi: huleta nafuu kwa wiki kadhaa, na katika baadhi ya hali daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuichoma, ila ina hatari ya kuudhoofisha utepe hadi ukatike na ya kuyapunguza mafuta ya kisigino ambayo ndiyo mto wetu wa asili. Tunachomwomba mkimbiaji aliyekwisha kuchomwa ni kimoja tu, asiingie mashindanoni juu ya kisigino kilichotiwa ganzi.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule aliyepumzika wiki sita. Tishu za aina hii hujengeka kwa kupewa kazi na hudhoofika kwa kunyimwa kazi. Mapumziko huyaondoa maumivu kwa sababu huuondoa mzigo, lakini katika kipindi hicho hicho misuli ya shavu la mguu na ile midogo ya unyayo hupungua nguvu, na utepe wenyewe haupati sababu ya kujijenga. Mkimbiaji hurudi na kisigino kilichonyamaza, akadhani kimepona, kisha akakipa kilomita zile zile kilizozishindwa kilipokuwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana hatumwambii mtu apumzike mpaka maumivu yaishe. Tunapunguza mzigo hadi kiwango kinachovumilika, kisha tunaupandisha kwa mpango.

Kabla ya mpango huo lazima tuwe na hakika kwamba tunalitibu jambo lenyewe, na hatua hii hatuiharakishi hata mgonjwa akifika na jibu lake mkononi. Mara nyingi jibu hilo huwa picha ya eksirei inayoonyesha mwiba wa mfupa chini ya kisigino. Mwiba huo huwatisha watu kwa jinsi unavyoonekana, lakini watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa, kwa hiyo kuwepo kwake hakuthibitishi kwamba ndio unaouma. Kinachotushughulisha zaidi ni ufa wa mfupa unaotokana na kuchoshwa kwa mishindo mingi. Tukikibana kisigino kutoka pande zote mbili kwa viganja na mgonjwa akashtuka kwa maumivu, au akituambia kwamba maumivu huongezeka kadiri anavyokimbia badala ya kulegea, au kwamba humwamsha usiku, tunasimamisha mbio zote na kumpeleka kwa daktari kwa kipimo cha MRI, kwa kuwa eksirei inaweza isiuone ufa wa namna hiyo katika wiki za mwanzo. Maumivu ya juu ya mguu, mbele kidogo ya kifundo, yana hofu yake ya pekee, kwa sababu mfupa mdogo wa hapo huunga kwa shida ukicheleweshwa. Ganzi na hisia ya kuungua hutufanya tuichunguze mishipa ya fahamu. Kijana ambaye visigino vyote viwili vinamuuma na ambaye huamka na mgongo uliokakamaa kwa zaidi ya nusu saa anahitaji daktari wa maradhi ya viungo kabla ya kutuhitaji sisi. Na mkimbiaji wa kike ambaye hedhi yake imekatika, au mkimbiaji yeyote anayekula kidogo kuliko anavyotumia, tunamuuliza kuhusu chakula kwa uwazi ule ule tunaomuuliza kuhusu viatu, kwa kuwa mifupa yake ndiyo inayogharamia upungufu huo.

Ikithibitika kwamba ni utepe, matibabu yetu makuu ni zoezi moja ambalo kwa macho linaonekana dogo mno. Mwaka 2015 Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark walichapisha utafiti wa wagonjwa 48, ambamo kundi moja lilipewa mazoezi ya kunyoosha na jingine zoezi la kuinua kisigino kwa mzigo mzito. Mgonjwa husimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole ili ile winchi ya Hicks ikaze, akapanda kwa sekunde tatu, akakaa juu kwa sekunde mbili, akashuka kwa sekunde tatu, siku moja ndiyo na moja hapana. Huanza na seti 3 za marudio 12, na kadiri wiki zinavyopita uzito huongezwa kwa mkoba wenye vitabu mgongoni, marudio yakipungua hadi 8 na seti zikiongezeka hadi 5. Baada ya miezi mitatu waliobeba mzigo walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Kufikia mwaka mmoja tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa imetoweka. Tunakitaja kipengele hicho cha mwisho makusudi, kwa sababu zoezi hili linaharakisha safari bila kuwa muujiza, na pia kwa sababu kunyoosha nako kuna nafasi yake. Asubuhi, kabla ya kuweka mguu sakafuni, tunamtaka mgonjwa aupandishe mguu juu ya goti la pili, avivute vidole kuelekea kwenye muundi kwa sekunde 10, na arudie mara 10. Wengi husema hatua ya kwanza hupoteza ukali wake ndani ya wiki chache.

Asiyeweza kuinuka kwa mguu mmoja bila maumivu makali huanza kwa miguu miwili, au hata akiwa ameketi, na hakuna aibu yoyote katika hilo, ingawa mtu aliyemaliza marathoni mara kadhaa huona vigumu kuamini kwamba mguu wake umedhoofika kiasi hicho hadi tumhesabie marudio ya mguu mzima na ya mguu mbovu, akaona mmoja umeishia 25 na mwingine 9.

Swali linalofuata daima ni lini ataruhusiwa kukimbia. Kipimo chetu hakiko kwenye kalenda. Katika mizani ya 0 hadi 10 tunayaruhusu maumivu yasiyozidi 3 wakati wa zoezi, kisha tunaisubiri asubuhi inayofuata, kwa kuwa hatua ya kwanza kutoka kitandani ndiyo hakimu. Ikiwa si mbaya kuliko ya jana, mzigo wa jana ulikuwa sawa. Ikiwa mbaya zaidi, tunarudi nyuma kidogo bila kuacha kabisa. Atakapoweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila adhabu ya asubuhi, tunaanza na dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea, kwenye njia tambarare, kwa siku zisizofuatana. Umbali huongezwa kwanza, vilima baadaye, na kasi mwisho kabisa. Katika miezi hiyo pumzi hulindwa kwa baiskeli, kuogelea, au kukimbia ndani ya maji ya kina kirefu kwa mkanda wa kuelea, jambo linalochosha akili kuliko mwili lakini lenye manufaa.

Soli za ndani ya kiatu na plasta ya kufunga unyayo tunazitumia mwanzoni, kama fimbo ya kutembelea, na tunaziondoa mguu ukipata nguvu. Mashine ya mawimbi ya mshtuko, inayokipiga kisigino kwa mawimbi ya sauti, tunayo pia, lakini huwa tunaitoa kwa yule aliyefanya mazoezi kwa uaminifu kwa miezi mitatu bila mabadiliko ya kutosha. Wateja huipenda kwa sababu ina mlio na inafanana na matibabu. Wagonjwa wengi wa tatizo hili hupona ndani ya mwaka bila upasuaji, na wengi wao bila mashine.

Ziara ya kwanza huchukua saa nzima, na sehemu kubwa yake hutumika kuuliza, kupapasa na kuhesabu. Anayekuja aje na kumbukumbu ya mazoezi yake ya miezi minne iliyotangulia maumivu, hata kama ni ya saa ya mkononi tu, majibu ya vipimo vyovyote alivyokwisha kufanyiwa, suruali fupi, na viatu anavyokimbilia. Tafadhali asivisafishe kabla ya kuja. Tunataka kuviona jinsi vilivyolika.