Wauzaji wa fenda za ziada watuambie zimetengenezwa kwa plastiki gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalotugusa sisi wenye magari ya kupita porini na njia mbovu, nalo ni ununuzi wa fenda za ziada. Ninakusudia vile vipande vinavyofungwa kwenye ukingo wa madigadi ili kufunika tairi pana lililotokeza nje ya bodi, tope na kokoto zisirukie milango, vioo na magari yanayofuata nyuma. Wengi wetu huzichagua kwa kutazama umbo na weusi wake dukani. Hata mimi nilizichagua hivyo, na nimelipia kosa hilo mara mbili: kwanza kwa fenda zenyewe, kisha kwa bodi ya gari.

Seti yangu ya kwanza ilikuja katika boksi lililoandikwa kwamba fenda hizo ni imara, bila neno hata moja kuhusu mali iliyotumika kuzitengeneza. Baada ya miaka miwili ya kukaa juani, weusi wake ulikuwa umegeuka kijivu chenye unga, na mtu akipitisha kidole juu yake kilirudi kimepakaa vumbi jeupe. Kisha siku moja, nikipita taratibu kati ya vichaka, tawi lisilozidi unene wa mkono wa mtoto liliigusa fenda ya mbele, nayo ikapasuka kutoka tundu moja la skrubu hadi jingine. Nilipoifungua ndipo nilipoona hasara kubwa zaidi, kwa sababu nyuma yake palikuwa pamejaa mchanga mbichi, rangi ya madigadi ilikuwa imesuguliwa hadi bati likaonekana, na kila tundu lililotobolewa lilikuwa limezungukwa na duara la kutu.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba plastiki hizi zinafanana machoni tu. Fenda nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa ABS, ambayo ni ngumu, hushika umbo na hupokea rangi vizuri, lakini ule mpira wa butadieni uliomo ndani yake, unaoipa uwezo wa kuhimili pigo, huharibiwa na mionzi ya jua. Ndiyo maana ABS isiyokingwa huanza kwa kufifia na huishia kuwa kavu na nyepesi kuvunjika. Watengenezaji makini huifunika kwa tabaka la plastiki iitwayo ASA, ambayo ni ndugu yake wa karibu isipokuwa mpira wake ni wa akriliki na hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi, au huipaka rangi ya gari yenye kinga. TPO, plastiki ya jamii ileile ambayo bampa nyingi za kisasa hutengenezwa, hunyumbuka na haipasuki kwa urahisi, ingawa kuipaka rangi kunahitaji praima yake maalumu, yaani rangi ya awali ya kushikiza rangi ya juu. Poliyurethani hunyumbuka zaidi, ikikunjwa na tawi hurudi mahali pake, na kwa mtu anayepita vichakani kila wiki mimi ningeipendekeza kabla ya nyingine zote. Faibaglasi ni nyepesi na hutengenezeka kirahisi ikivunjika, lakini ikigonga jiwe hupasuka badala ya kunyumbuka. Fenda za chuma zina sifa ya kudumu, na sifa hiyo ni ya kweli, ila mnunuzi ajue kwamba chuma kikigonga kisiki hakinyonyi pigo. Hulipeleka moja kwa moja kwenye madigadi na kuyakunja pamoja nacho. Kwa maoni yangu, fenda iliyo nzuri ni ile inayokubali kuharibika yenyewe kabla ya bodi.

Mnunuzi anaweza kujikagulia baadhi ya mambo haya mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Ageuze fenda na kutazama upande wa ndani, kwa kuwa vipande vya plastiki vya magari mara nyingi hupigwa chapa yenye herufi za aina ya plastiki kati ya alama mbili za mshale, kwa mfano >ABS< au >TPO<. Pasipo na chapa, amwulize muuzaji, na muuzaji asipojua, hilo nalo ni jibu. Akiruhusiwa, aukunje ukingo wake kidogo kwa vidole: ABS nyembamba hufanya mstari mweupe mahali ilipokunjwa, na mstari huo haufutiki, ilhali plastiki inayonyumbuka hurudi bila alama.

Hata hivyo, plastiki bora kabisa itaharibika ikifungwa vibaya, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa nia njema. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma mara kadhaa. Kipande cha ABS chenye urefu wa mita 1, kikiwa kimefungwa asubuhi ya baridi ya nyuzi 15 kisha kikapata moto wa nyuzi 65 chini ya jua la mchana, huongezeka takriban milimita 4, wakati bati lililo chini yake haliongezeki hata milimita 1. Kama skrubu zote zimekazwa hadi mwisho katika matundu ya mviringo yaliyobana, urefu huo hauna pa kwenda, kwa hiyo fenda huvimba katikati ya skrubu na nyufa huanzia matunduni, sawasawa na ilivyokuwa kwa fenda yangu. Dawa yake si ngumu. Tundu moja la katikati liwe la kushikilia, mengine yawe marefu kidogo kufuata urefu wa fenda, washa pana, yaani vile visahani vyenye tundu, ziwekwe chini ya vichwa vya skrubu, na skrubu zikazwe kwa mkono hadi zishike tu, bila mashine.

Kabla ya hapo, kila tundu linalotobolewa kwenye bodi lisafishwe chembe za chuma na kupakwa praima na rangi, kisha liachwe likauke, hata kama mwenye gari ana haraka. Mpira wa ukingo unaokaa kati ya fenda na madigadi usikosekane, maana ndio unaozuia msuguano ulionilia rangi, lakini upande wa chini kabisa uachwe wazi ili maji na mchanga vipate pa kutokea. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa magari yenye bodi ya alumini, kama Land Rover Defender za zamani au Ford F-150 za kuanzia mwaka 2015, skrubu hizo zitenganishwe na bodi kwa washa za plastiki, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Gundi ya utepe wa pande mbili husaidia kuzuia mtetemo, mradi rangi isafishwe kwa spiriti na gari lisioshwe kwa siku 3 hadi gundi ishike sawasawa, lakini kwa gari la tope na mawe nisingeitegemea peke yake.

Kuhusu upana nitasema machache. Fenda ifunike sehemu yote ya tairi inayokanyaga chini, kwani nchi nyingi hulitaka hilo kisheria, na isizidi hapo sana, kwa kuwa kila sentimita ya ziada ni sentimita nyingine ya kukwama kwenye miti. Kabla ya kufunga moja kwa moja, gurudumu moja la mbele lipandishwe juu ya kitu imara hadi springi ibonyee, kisha usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, huku mtu mwingine akitazama kama tairi linagusa fenda au skrubu za ndani.

Ombi langu kwa wauzaji na waagizaji, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandike mambo matatu kwenye boksi: aina ya plastiki, unene wake kwa milimita, na aina ya skrubu zilizomo. Mtengenezaji anayajua yote hayo tayari, na kuyachapa hakumgharimu kitu cha maana. Nao mafundi nawaomba wamwambie mteja arudi baada ya wiki mbili za kuendesha, skrubu zikaguliwe moja moja, kwa sababu mpira wa ukingo huwa umejibana kufikia wakati huo na baadhi ya skrubu huwa zimelegea.

Wako,
Msomaji na dereva wa njia mbovu