Wiki tatu kabla mweka hazina hajaondoka

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili kwa sababu uliyoyaeleza ni mazito. Mweka hazina anastaafu mwisho wa mwezi, fundi mkuu wa maji amepata kazi mji mwingine, katibu wa baraza anakwenda likizo ya uzazi, na wewe umeachiwa kusimamia makabidhiano na pia kuwaandikia wakazi taarifa ya mji. Umeuliza uanze na lipi. Anza na benki, na uanze leo.

Katika jiji kubwa mtu akiondoka idara inabaki. Kwenu mtu mmoja ndiye idara yenyewe. Akiaga, anaondoka na saini inayolipa mishahara, simu inayopokea namba za siri na ramani ya mabomba iliyomo kichwani mwake. Hati ya makabidhiano ya kurasa mbili, yenye orodha ya meza, viti na kompyuta, haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Benki haibadilishi watia saini kwa barua ya mkurugenzi peke yake. Kwa kawaida inataka azimio la baraza la madiwani, pamoja na muhtasari wa kikao uliothibitishwa, vitambulisho vya watia saini wapya na sampuli za saini zao. Kwa hiyo tazama kalenda ya vikao kwanza. Kama kikao kijacho ni baada ya yeye kuondoka, omba kikao maalumu sasa, la sivyo mishahara ya mwezi ujao itakwama huku fedha zikiwapo. Weka watia saini watatu, wawili wowote kati yao watoshe, ili ugonjwa au safari ya mmoja isifunge ofisi. Na usimwondoe wa zamani mpaka benki ithibitishe kwa maandishi kwamba wapya wanatambuliwa. Siku hiyohiyo ya uthibitisho, jina lake litoke.

Kisha iandikie benki wewe mwenyewe, ukiomba orodha ya akaunti zote zilizofunguliwa kwa jina la mji au kwa namba yake ya mlipakodi, zikiwemo zilizolala, na majibu yaje kwako moja kwa moja. Usichukue orodha kutoka kwa anayeondoka ukaridhika nayo. Mji wa Dixon, jimbo la Illinois kule Marekani, ulikuwa na wakazi wapatao 16,000 wakati wa kisa hiki. Mwaka 1990 mdhibiti wa fedha wa mji huo alifungua akaunti ya siri yenye jina lililoonekana kama la mfuko wa majitaka wa mji, na kwa miaka zaidi ya 20 akachota karibu dola milioni 54. Hesabu zilikuwa zikikaguliwa kila mwaka. Aliyeiona akaunti hiyo ni karani wa mji, mwaka 2011, mdhibiti alipokuwa likizoni: karani alikuwa akimshikia kazi, akaomba benki taarifa za akaunti zote, na mojawapo ikawa hajawahi kuisikia. Sikuelezi haya ili umshuku mweka hazina wenu, mama wa watu aliyekutumikieni kwa miaka mingi. Nakueleza kwa sababu wiki za makabidhiano ni nafasi adimu ya jicho la pili kupita juu ya vitabu, na mtu mwaminifu atafurahi kuondoka huku hesabu zake zimeshuhudiwa. Mabadiliko haya yakiisha, shikilia pia kila mwaka mhasibu aende likizo ya wiki mbili mfululizo, na mwingine afanye kazi yake kwelikweli, si kumwekea vocha za malipo mezani zimsubiri.

Siku ya mwisho ya mweka hazina kazini chagueni saa maalumu ya kufunga hesabu. Fanyeni usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki, hadi siku hiyo. Andikeni namba ya hundi ya mwisho iliyotumika, ya kwanza ambayo haijatumika, na zote zilizofutwa, zikiwa zimebandikwa kwenye vishina vyake. Vitabu vya stakabadhi navyo vihesabiwe, hata vile vipya vilivyo kabatini. Fedha taslimu za matumizi madogo zihesabiwe mbele ya watu watatu: anayetoa, anayepokea na shahidi asiye wa idara ya fedha. Masurufu, yaani fedha walizotangulizwa watumishi kwa kazi, ambayo hayajarejeshwa yaandikwe kwa jina la aliyechukua na tarehe, maana ndiyo yanayogeuka ugomvi miezi sita baadaye, kila mtu akisema alishayalipa kwa yule aliyestaafu.

Jambo linalosahaulika ni kalenda yake. Mwombe aandike, mwezi kwa mwezi, kila kitu kinachotakiwa kulipwa au kuwasilishwa kwa tarehe: makato ya mishahara, bima za magari, marejesho ya mkopo, leseni za programu, taarifa za robo mwaka. Akikaa peke yake ataandika nusu tu, kwa sababu mengine anayafanya kwa mazoea bila kuyafikiria. Keti naye na taarifa za benki za miezi 12 iliyopita, uzipitie mstari kwa mstari, na kila malipo yanayojirudia uliza ni ya nini na nani humkumbusha.

Nywila zisiandikwe kwenye hati ya makabidhiano, kwani hati hiyo itapigwa nakala na kuwekwa jaladani. Kinachotakiwa ni kila akaunti ihamishiwe kwenye barua pepe ya ofisi na nywila ibadilishwe na mpokeaji. Tatizo kubwa liko kwenye namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu: mfumo wa malipo, ukurasa wa mji kwenye mtandao wa kijamii na usajili wa jina la tovuti mara nyingi vimefungwa na simu binafsi ya mtu aliyevifungua. Akiondoka, namba inaingia kwenye simu yake wakati ninyi mmekaa mbele ya kompyuta. Jina la tovuti ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa ilani ya kulipia upya huenda kwenye barua pepe isiyosomwa tena, muda unapita, na mtu wa nje anaweza kulisajili na kuwahadaa wakazi kwa jina la mji wenu. Jaribuni kuingia kila mahali yeye akiwa bado kwenye ajira, tena kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuitumia. Hata katika jiji la San Francisco kule Marekani, pamoja na ukubwa wake, mwezi Julai 2008 fundi mmoja wa kompyuta aligoma kutoa nywila za mtandao mkuu wa jiji. Mtandao uliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya wiki bila mwingine yeyote kuweza kuusimamia, hadi alipozitoa kwa meya aliyemfuata mahabusu.

Sasa fundi wa maji. Huyu usimpe karatasi ajaze, tembea naye. Tenga saa mbili kila asubuhi kwa siku kadhaa, mwende na atakayemrithi, mkianzia valvu, yaani vifaa vya kufungia na kufungulia maji kwenye mabomba, zinazohudumia hospitali, shule na matangi. Kwa kila valvu andikeni kipenyo, kina, mitaa inayokatika maji ikifungwa, inafungwa kwa kuzungushwa kulia au kushoto, na mizunguko mingapi. Mwelekeo ni muhimu sana, kwani mji uliojengwa kwa vipindi tofauti huweza kuwa na valvu za aina zote mbili, na mgeni anayedhani anafunga anaweza kuwa anakaza iliyokwisha kufunguka hadi mwisho. Kwa valvu za geti, zile zenye bamba linaloshuka kukata maji, kadirio linalotumika ni kipenyo kwa inchi mara 3, ukaongeza 2 au 3, hivyo ya inchi 6 hufunga kwa mizunguko kama 20. Ikigoma kwenye 12, ama ina kutu na takataka, ama haikuwa wazi yote tangu mwanzo. Fundi asiongeze urefu wa spana ili ailazimishe, kwani mhimili utakatika na valvu itabaki hivyohivyo. Airudishe kidogo, aisogeze tena mbele, taratibu, mpaka uchafu usombwe na maji. Na kufungua kuwe polepole vilevile, maana maji yakiachiwa ghafla hupiga bomba kwa kishindo, na bomba kuukuu hupasuka mbali kabisa na pale mlipo.

Kujua mahali valvu ilipo msitegemee picha na ramani za simu peke yake. Pimeni kwa futi ya utepe kutoka vitu viwili visivyohama, kona ya jengo na nguzo kwa mfano, kwa sababu barabara ikiwekwa lami upya kifuniko huzikwa na picha za zamani hazisaidii. Muulizeni pia ni valvu zipi anaziacha nusu wazi kwa makusudi ili kupunguza msukumo mabondeni. Hiyo ndiyo siri inayoondoka na fundi kila mara, na mrithi mwenye bidii huzifungua zote wiki ya kwanza, kisha mabomba ya chini yanaanza kupasuka.

Kwa katibu wa baraza mambo ni mafupi. Pata mihtasari ambayo haijasainiwa, maazimio ambayo hayajatekelezwa, na tarehe za matangazo ya kisheria. Tangazo la kikao cha kusikiliza maoni likichelewa hata siku moja, kikao chaweza kubatilishwa na mkaanza upya.

Atakayekaimu apewe barua, si neno la mdomo ukumbini. Ieleze anakaimu kuanzia lini hadi lini, anaidhinisha matumizi hadi kiasi gani, na kama anaruhusiwa kusaini mikataba au kuajiri. Na hapo nakusihi sana, hata kama watu ni wachache: anayekaimu uhasibu asiwe yuleyule anayeidhinisha malipo. Kama hakuna mwingine, diwani wa kamati ya fedha apitie taarifa ya benki kila mwezi, ikiwa imefunguliwa mbele yake.

Nimalizie taarifa ya wakazi. Watumishi wajue kwanza, kisha madiwani, kisha wakazi, na yote yaishe siku moja, vinginevyo habari itatoka kwa uvumi. Mkazi anataka kujua huduma yake itakuwaje, kwa hiyo mstari wa kwanza useme hilo: ankara zitalipwa dirisha lipi, kuanzia siku gani, na mabomba yakipasuka usiku apige namba ipi. Iwe namba ya ofisi, kamwe si ya mtu, ili mtumishi mwingine akiondoka msichapishe upya. Kila tarehe iandikwe na siku yake ya wiki, na mtu wa pili azilinganishe na kalenda. Usieleze sababu ya mtu kuondoka zaidi ya kustaafu, kuhama au likizo. Ya katibu andika likizo tu, maana uzazi ni wake wa kutangaza. Lakini mshukuru mweka hazina kwa mambo mahususi aliyoyafanya, kwa sababu wakazi wanamfahamu na yeye ataihifadhi karatasi hiyo.

Kwenye habari ya kukatika maji taja mitaa kwa majina, saa ya kufunga na ya kufungua, na uwaambie wakiyapata tena wafungue bomba la chini kabisa la maji baridi, wayaache yatoke mpaka yawe safi, ndipo wafue nguo. Ya kufunga barabara itaje makutano hadi makutano na njia ya gari la wagonjwa.

Ongeza pia sentensi hii, na uipeleke kwa barua kwa kila mzabuni: namba za akaunti za mji hazijabadilika, na mabadiliko yoyote yatathibitishwa kwa kupiga simu kwenye namba wanayoijua tayari. Matapeli husoma matangazo kama yenu, wakaandika barua kwa jina la mweka hazina mpya kabla yeye mwenyewe hajazoea kiti. Nanyi mzabuni akileta akaunti mpya, mpigieni kwa namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyo kwenye barua aliyoileta.

Nitumie rasimu ya taarifa kabla hujaibandika ubaoni, na unijulishe benki imejibu nini kuhusu akaunti zilizolala. Mweka hazina mpe salamu zangu za heshima, na katibu umwambie tunamwombea ajifungue salama.

Ni mimi rafiki yako.