Tuambieni samadi inamwagwaje, sio "weka samadi" tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili jambo la samadi maana limenikaa moyoni muda mrefu na kila msimu wa kuandaa mashamba linajirudia. Kurasa za kilimo, vipindi vya redio, mpaka wataalamu wanaohojiwa, wote wakifika kwenye samadi wanasema "weka samadi" halafu haraka haraka wanahamia kwenye mbegu. Niweke vipi sasa? Ya mnyama gani, imekaa muda gani, siku ya jua au ya mawingu, naifukia au naiacha juu, hayo hayasemwi kabisa, na ndiyo hayo hayo yanayowaumiza watu. Mimi nalima na nafuga, samadi naijua kwa mikono na kwa pua, na nasema wazi kwamba karibu balaa zote za siku ya kumwaga samadi, kuanzia matope mpaka usoni, trela kuzama, miche kuungua, majirani kununiana, mpaka vifo kabisa, zinatokana na watu kuhimizwa waitumie bila kuelezwa inavyofanya kazi.

Nisieleweke vibaya, siipingi samadi hata kidogo. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la majaribio la ngano lilianza mwaka 1843 na kuna kipande chake kinawekewa samadi ya zizini tani 35 kwa hekta kila mwaka tangu wakati huo mpaka leo, na udongo wa kile kipande umeshiba mboji kuliko vile vinavyopewa mbolea ya dukani peke yake. Kwa hiyo kazi yake haina ubishi. Ubishi wangu ni kwenye namna tunavyofundishana.

Tuanze na uzito. Samadi mbichi ya ng'ombe ni maji karibu asilimia 80 au zaidi, yaani mtu anajaza toroli mpaka juu akidhani anabeba mavi kumbe anabeba maji, gurudumu moja likiingia kwenye udongo laini toroli linalala ubavu na mzigo wote unamwagikia miguuni, tena mara nyingi mlangoni pa zizi ambapo wanyama wenyewe wameshapakanyaga pakawa uji. Ukija kwenye trekta na trela ndio usiseme. Watu wanasubiri mvua ikatike kidogo wanaingia shambani siku hiyo hiyo kwa sababu lundo limejaa na hawana pa kuweka nyingine, matokeo yake matairi yanazama mpaka ekseli, inaitwa trekta ya pili kuvuta ya kwanza, nayo inazama, na hata mkifanikiwa kutoka mmeshaacha mifereji na udongo ulioshindiliwa ambao mizizi na maji vitapata tabu kupenya kwa misimu kadhaa. Kuna kipimo rahisi sana ambacho hakigharimu kitu, chota udongo wa shambani ufinyange mkononi, ukishikana ukawa kama donge la udongo wa mfinyanzi usiingize mashine, subiri.

Halafu upepo. Kama unamwaga kwa mkono au kwa mashine, anza upande ule upepo unakokwenda ili usogee ukiuelekea, ile vumbi na majimaji yaende nyuma yako kwenye eneo ulilomaliza. Sijui kwa nini hili halisemwi popote, watu wanatembea upepo ukiwasukuma mgongoni na kila kinachoruka kinawatangulia halafu wanapita katikati yake, macho yanawasha wiki nzima.

Mashine yenyewe inahitaji heshima. Ndani ya lundo huwa mna mawe, kamba za mabunda ya majani, vipande vya waya, na yale mapanga ya nyuma yanayopasua samadi yakikutana na jiwe yanalirusha mbali kabisa, kwa hiyo hakuna mtu wa kusimama nyuma wala pembeni, na watoto wanaopenda kuangalia wakae nyumbani. Kamba ikijizungusha mashine inaziba. Hapo ndipo mtu anaruka juu ya trela na uma kuzibua huku trekta inanguruma. Ile shafti inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine inakwenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa sekunde moja, na ikinasa upindo wa koti au kanga hakuna binadamu mwenye wepesi wa kujinasua. Zima trekta, toa ufunguo weka mfukoni, subiri kila kitu kisimame ndio upande. Na ile kava ya shafti irudishwe mahali pake, wengi wameitoa zamani kwa sababu inawachelewesha kupaka grisi.

Sasa samadi mbichi shambani, hapa ndipo wakulima wengi wanaokota lawama za bure kwamba samadi ni mbaya. Ya kuku ndiyo kali kuliko zote hizi za kawaida, ina naitrojeni nyingi, ambayo ni chakula cha mmea, na inageuka upesi kuwa amonia, gesi kali, ukiiweka ikiwa mbichi shinani mwa mche majani yanaungua kingo ndani ya siku chache na mizizi inakufa. Ya ng'ombe na mbuzi ni pole zaidi ila nayo ikiwa mbichi inakuja na mbegu za magugu ambazo zimepita tumboni mwa mnyama zikatoka nzima, mwezi mmoja baadaye shamba limekuwa pori na mtu anauliza magugu yametoka wapi. Na ile ya kwenye banda lililotandikwa maranda ya mbao inafanya kinyume, haiunguzi ila mazao yanakuwa njano, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni na vinaichukua kwenye udongo kabla mmea haujaipata, mkulima anaona njano anaongeza samadi ile ile na njano inazidi. Dawa ya yote matatu ni kuiozesha kwanza kwenye lundo, lilowe kiasi, ligeuzwe geuzwe, na lipate joto la nyuzi 55 mpaka 65 ndani yake kwa siku kadhaa, tena kila sehemu ya lundo ipate zamu ya kukaa katikati maana pembeni huwa ni baridi na mbegu zilizoko pembeni hazifi. Hili lundo lisiachwe likawa kubwa na kavu kupita kiasi, samadi kavu iliyorundikwa sana inaweza kupata moto yenyewe ikawaka bila mtu kuwasha kiberiti.

Kuna jingine ambalo wengi hawajawahi kulisikia na linauma kwa sababu mkulima amefanya kila kitu sawasawa. Mwaka 2008 kule Uingereza watu wa bustani walishangaa nyanya, viazi na maharage vinakunja majani na kujisokota, na ikaja kugundulika kwamba samadi waliyotumia ilitoka kwa wanyama waliokula majani yaliyopulizwa dawa ya kuua magugu inayoitwa aminopiralidi. Dawa ile inapita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, inatoka kwenye mavi, inabaki kwenye lundo hata likioza, na kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu. Kwa hiyo ukichukua samadi kwa mtu muulize malisho yalipulizwa nini, na kama hajui, panda mbegu chache za maharage kwenye kopo lenye mchanganyiko wa ile samadi na jingine lenye udongo mtupu, subiri wiki tatu hivi uone majani. Wiki tatu ni nafuu kuliko msimu mzima.

Kuhusu harufu na ugomvi wa majirani, nasema hivi, ile harufu inayowakimbiza watu sehemu yake ni amonia, na amonia ni naitrojeni ile ile uliyoitaka iingie kwenye mazao. Ukimwaga saa sita mchana kwenye jua na upepo ukaiacha juu ya udongo mpaka kesho, kiasi kikubwa cha amonia kinaondoka ndani ya masaa machache ya kwanza tu, yaani jirani amekereka na wewe umepata hasara kwa pamoja. Mwaga jioni au siku ya mawingu yasiyo na mvua kubwa, fukia siku hiyo hiyo. Na mwambie jirani kabla, ana nguo kwenye kamba na madirisha wazi, neno moja la jana linamaliza kesi ya kesho.

Mvua kubwa nayo ni adui. Samadi iliyomwagwa juu ya udongo uliolowa kisha ikanyeshewa haikai, inateremka mpaka mtoni, na huko bakteria wanaoioza wanamaliza oksijeni ya maji, samaki wanaelea. Kwenye kisima ni mbaya zaidi kwa sababu naitrojeni ya samadi inageuka kuwa naitreti, nayo ikizidi kwenye maji ya kunywa inawadhuru watoto wachanga hasa walio chini ya miezi sita, damu yao inashindwa kubeba oksijeni wanakuwa bluu, na ndio maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Uingereza wameandika kwenye sheria kabisa, mita 10 kutoka mtoni na mita 50 kutoka kisimani au chemchemi, na usimwage kwenye udongo uliojaa maji. Mtu anaweza kusema sheria za watu wengine hazituhusu lakini maji yanateremka vile vile kila mahali, kwa hiyo vipimo hivyo mimi navichukua kama vilivyo.

Mboga zinazoliwa mbichi zisahauliwe? Hapana. Samadi mbichi inaweza kubeba bakteria wa kuharisha damu, na wenzetu wa kilimo hai Marekani wana kanuni kwamba kama umeweka samadi ambayo haijaozeshwa basi zipite siku 120 kabla ya kuvuna kitu kinachogusa udongo kama karoti au saladi, na siku 90 kwa kisichogusa. Wangapi wetu tumewahi kuambiwa hizo namba redioni? Na mwenye kidonda mguuni avae buti, asiende pekupeku, vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, chanjo yake ipo, tuchanjwe.

Nimeliacha la mwisho lile ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Shimo la samadi. Wanaofuga kisasa wanakusanya mavi na mkojo pamoja kwenye shimo au tangi lililofunikwa, inakaa miezi, na siku ya kuimwaga lazima kwanza ikorogwe ili pampu iweze kuivuta. Ikikorogwa tu, gesi iliyokuwa imefungwa chini inatoka yote kwa mkupuo, na kati ya hizo gesi kuna moja ya salfa, salfaidi ya haidrojeni, inanuka yai viza. Watu wanadhani watainusa wakimbie. Sio hivyo jamani! Ikiwa kidogo unainusa, lakini ikifika sehemu 100 katika milioni za hewa inaua uwezo wa pua kunusa ndani ya dakika chache, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla haina maana gesi imeisha, inaweza kuwa ndio imezidi, na ikifika 700 mpaka 1000 mtu anaanguka kwa pumzi moja au mbili, hana nafasi hata ya kuita. Tena ni nzito kuliko hewa, inatulia chini mle mle shimoni na kwenye pembe za banda. Methani nayo ipo, ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka kwa cheche tu, kwa hiyo sigara na koroboi mbali.

Na kinachovunja moyo ni namna vifo hivi vinavyokuja, havimchukui mtu mmoja. Pampu imeziba au ndoo imeangukia ndani, mmoja anashuka "dakika moja tu", anaanguka, ndugu yake anamwona anashuka kumwokoa, naye anaanguka, baba anasikia kelele anakuja mbio anashuka. Imetokea hivyo hivyo nchi nyingi sana, familia za wafugaji wazoefu, watu ambao wameishi na samadi maisha yao yote. Wameuawa na upendo na kutojua. Aliyeanguka shimoni haokolewi na mtu asiye na mtungi wa hewa na kamba mwilini, kitambaa puani hakizuii kitu, barakoa ya kawaida haizuii kitu, cha kufanya ni kusimamisha ukorogaji, kufungua kila mlango na dirisha ukiwa nje, kuita zimamoto na majirani, na kumshika kwa nguvu yule anayetaka kurukia ndani hata akikutukana. Kabla ya kukoroga toa watu na wanyama bandani, korogeni siku yenye upepo, na mkae nje angalau nusu saa ya kwanza maana hapo ndipo gesi inatoka nyingi zaidi, na kila mkisimama mkaanza tena muihesabu upya.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni hili. Mwandishi wenu wa kilimo aandike habari za samadi kwa ukamilifu, kwa mfululizo kabla msimu haujaanza sio katikati yake, ya kuku peke yake, ya maranda peke yake, mvua na visima, mashine, aongee na mabwana shamba na madaktari wa mifugo, na picha ziwepo kwa ajili ya wasiopenda kusoma marefu. Na kama nafasi itatosha habari moja tu basi iwe ya shimo, iandikwe ukurasa wa mbele, na iseme kwa herufi kubwa kwamba mtu asishuke kumfuata mwenzake.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkulima na mfugaji